Vikombe Vinane vya Chai na Sura ya Nne

Muulize mwanafunzi wa uzamili tasnifu yake imekwama wapi, na mara nyingi atakutajia Sura ya Nne. Ya Kwanza aliiandika kwa ari. Ya Pili aliijaza majina ya waandishi na miaka yao, ya Tatu akaazima muundo kwa waliomtangulia. Kisha akaenda uwandani, akarudi na mafungu ya hojaji, akayaweka juu ya kabati. Sura ya Nne inamtaka aseme amekuta nini, na kama alichokikuta kina uzito au ni bahati tu iliyopita njia. Hapo ndipo maswali yanapoanza kuzunguka kwenye vikundi vya WhatsApp: nani anajua SPSS, ile programu ya takwimu, na anatoza kiasi gani?

Kazi hiyo inayokimbiwa ndiyo ninayotaka kuisifu. Nazungumzia ufundi wa kupima kwa takwimu: kuchukua jambo unalotamani liwe kweli, kujiuliza data zingekuwaje kama lisingekuwa kweli, kisha kuahidi mapema kwamba utalikubali jibu litakalotoka. Katika masomo ya juu sijui kazi nyingine inayomtaka mtu ajipinge mwenyewe kwa utaratibu wa namna hii, tena kwa maandishi, mbele ya watahini. Kujitilia shaka wengi hukusifu kwa maneno. Jaribio la takwimu linakulazimisha kukufanya, na kuonesha hesabu yake.

Mfano wa chai umesimuliwa sana madarasani, lakini husimuliwa haraka mno. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London, mtafiti wa mwani aitwaye Muriel Bristol alisema kwamba akionja tu anaweza kujua kama kikombe kilitangulia kutiwa maziwa au chai. (Kwetu, ambako maji, maziwa na majani huchemka ndani ya sufuria moja, ubishi huu usingezaliwa.) Ronald Fisher, aliyeajiriwa hapo tangu 1919 kuchambua rekodi za mashamba, alimtengenezea jaribio, na mwaka 1935 akaliweka mwanzoni mwa kitabu chake The Design of Experiments kuwa mfano wa kwanza. Vikombe ni vinane: vinne vya namna hii, vinne vya namna ile, vikipangwa kwa nasibu. Mwonjaji anaambiwa kwamba viko vinne vinne, kazi yake ni kuvitenga.

Ziko njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane. Mtu asiyetambua chochote, anayebahatisha tu, atavipatia vyote mara moja kati ya 70, yaani takriban asilimia 1.4. Lakini akichanganya kikombe kimoja cha upande huu na kimoja cha upande ule, mambo yanageuka ghafla: njia za kupatia vitatu au vyote vinne ni 17 kati ya 70, karibu robo nzima. Kwa vikombe vinane, basi, kuteleza mara moja kunatosha kulifanya dai lisishike. Vikombe vikiwa sita, njia ni 20, na kubahatisha kunafaulu mara moja kati ya 20. Vikiwa vinne, njia ni sita tu, na hata mwonjaji hodari kuliko wote duniani asingeweza kumthibitishia mtu lolote.

Usipite hapo haraka. Idadi ya vikombe imeamua, kabla chai haijamiminwa, ni jambo gani linaweza kuthibitika na lipi haliwezi kuthibitika hata likiwa kweli. Kitabuni Fisher hakuandika hata mwanamke yule alipatia vingapi. Kwake matokeo yalikuwa jambo dogo mbele ya mpango, na mwanafunzi anayesoma sura ile kwa utulivu anaelewa kwa nini Sura ya Nne inamshinda: aliiandika vibaya tangu alipokuwa kwenye Sura ya Tatu.

Kabla ya Fisher kulikuwa na mfanyakazi wa kiwanda cha bia, na huyu ndiye ninayempenda zaidi. William Sealy Gosset aliajiriwa na Guinness, mjini Dublin, mwaka 1899. Kiwanda kilitaka kujua shayiri ipi ni bora na kimea kipi kina sukari zaidi, lakini majaribio yalikuwa machache kwa sababu kila jaribio lilikula fedha na msimu mzima. Takwimu za wakati ule zilijengwa kwa sampuli kubwa. Ukiwa na vipimo vinne au vitano ulikuwa peke yako. Gosset alichukua vipimo vilivyokwisha kuchapishwa vya wahalifu 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye kadi 3,000, akazichanganya vizuri, akazigawa katika mafungu 750 ya kadi nne nne. Kila fungu akalipigia hesabu kwa mkono, akaona jinsi wastani wa vipimo vinne unavyoyumba, na jinsi kuyumba huko kunavyopatana na kanuni aliyokuwa ameipata kwa kalamu na karatasi. Makala yake ilitoka mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Kwa kuwa mwajiri hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, alijiita Student. Hiyo ndiyo asili ya jaribio la t ambalo leo kompyuta mpakato hulimaliza kabla hujainua kidole.

Nani anamhitaji Gosset kuliko mwanafunzi wetu? Wa kilimo ana vipande 12 vya shamba, aina nne za mbolea zikirudiwa mara tatu, na mvua iliyochelewa. Wa uuguzi ana wagonjwa 30 wa kliniki moja, maana nauli na posho vimeishia hapo. Ufundi huu ulitengenezwa kwa ajili ya watu wenye vipimo vichache. Mtu aliyekaa akachanganya kadi 3,000 ili ajue vipimo vinne vinaweza kusema nini, hakuwa akiwadharau wenye vipimo vinne.

Tena vifaa vingi tunavyovitumia vilitoka mikononi mwa wanafunzi. Yale maswali yenye visanduku vitano, kuanzia “nakubali sana” hadi “sikubali kabisa”, ambayo sidhani kama kuna hojaji ya sayansi za jamii Afrika Mashariki isiyokuwa nayo, yalitokana na tasnifu ya uzamivu ya Rensis Likert, Chuo Kikuu cha Columbia, iliyochapishwa mwaka 1932. Majibu ya visanduku kama hivyo yana mpangilio lakini hayana umbali unaojulikana: hakuna ajuaye kama kutoka “nakubali” hadi “nakubali sana” ni hatua sawa na kutoka “sina uhakika” hadi “nakubali”. Kwa data za namna hiyo kuna jaribio linalotazama nafasi ya kila jibu kwenye foleni badala ya ukubwa wake, na nalo lina majina ya Henry Mann na mwanafunzi wake wa uzamivu, Ransom Whitney, waliolichapisha mwaka 1947, baada ya Frank Wilcoxon kufungua njia mwaka 1945. Na SPSS yenyewe ilizaliwa mwaka 1968 pale Stanford, wakati Norman Nie, mwanafunzi wa sayansi ya siasa, alipochoka kuhangaika na data zake na kuwatafuta wenzake Dale Bent na Hadlai Hull wamsaidie kutengeneza programu. Mwanafunzi anayesema mambo haya ni ya wakubwa hajui kwamba anatumia kazi za wanafunzi wenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina inayoandikwa kila mwaka. Mwanafunzi anataka kujua kama mafunzo ya uhifadhi wa nafaka yanahusiana na matumizi ya mifuko ya kinganjaa, ile isiyopitisha hewa, inayowanyima pumzi dumuzi ili wasiyamalize mahindi ghalani. Anawahoji wakulima 120: 60 waliohudhuria mafunzo na 60 ambao hawakuhudhuria. Katika waliohudhuria, 36 wanatumia mifuko. Katika wengine, 24. Asilimia 60 kwa 40. Kwa macho tofauti ni kubwa, na mwanafunzi ameshaanza kuandika mapendekezo kwa wizara.

Fundi anaanzia upande wa pili. Kama mafunzo hayana uhusiano wowote na mifuko, tungetarajia nini? Watumiaji wote ni 60 kati ya 120, nusu kamili; basi kila kundi lingekuwa na watumiaji 30 na wasiotumia 30. Kila chumba cha jedwali kimeachana na tarajio kwa watu sita. Sita mara sita ni 36. Gawanya kwa 30, unapata 1.2, vyumba ni vinne, jumla 4.8. Hiyo ndiyo kai-mraba, kipimo alichokitangaza Karl Pearson mwaka 1900, na hesabu yake haizidi ya darasa la saba. Kwa jedwali la aina hii mpaka wa asilimia 5 ni 3.84, na tumeuvuka. Thamani ya p ni takriban 0.03. Maana yake ni hii, wala si nyingine: kama kweli hakuna uhusiano, tofauti kubwa kiasi hiki au kuzidi ingejitokeza yenyewe katika tafiti kama tatu kwa kila mia. Haisemi kwamba uwezekano wa mafunzo kutofaa ni asilimia tatu. Kosa hilo nimelikuta katika tasnifu zilizofungwa kwa jalada gumu na kuandikwa kwa wino wa dhahabu.

Sasa ipunguze sampuli nusu: 18 kati ya 30, na 12 kati ya 30. Asilimia ni zilezile, 60 kwa 40. Kai-mraba inashuka hadi 2.4, p inapanda hadi 0.12, na mwanafunzi aliyekuwa na habari njema hana tena. Mashambani hakuna kilichobadilika. Kilichopungua ni uwezo wetu wa kuitenga tofauti hiyo na bahati, na uwezo huo una hesabu yake, inayokwepwa kuliko zote. Jerzy Neyman na Egon Pearson, mwana wa Karl, walikuwa wameeleza mwaka 1933 kwamba anayepima anaweza kukosea kwa njia mbili: kuona kitu ambacho hakipo, au kutokiona kilichopo. Mwaka 1969 Jacob Cohen alitoa kitabu kizima kuhusu kosa hili la pili. Kwa mfano wetu, ukitaka uwe na nafasi nane kati ya kumi za kuigundua tofauti ya 60 kwa 40 iwapo ipo kweli, unahitaji wakulima wasiopungua 97 hivi kila upande. Kwa 60 kila upande nafasi ni sita hivi kati ya kumi. Yaani mwanafunzi alikwenda uwandani, akatumia akiba yake na mkopo wa shangazi, kwa utafiti ambao hata kama yuko sahihi ungemnyima jibu mara nne kati ya kumi. Hakuna aliyemwambia.

Alichoambiwa ni kanuni ya Yamane. Sina ugomvi na Taro Yamane. Kanuni aliyoitoa katika kitabu chake cha mwaka 1967 inafanya kazi yake: inakadiria ni watu wangapi wachaguliwe kwa nasibu ili asilimia fulani katika jumla ijulikane kwa ukaribu unaoutaka. Weka watu 10,000 na kosa la 0.05, itakupa 385. Lakini mwenye kulinganisha makundi mawili ameuliza swali jingine, na kanuni hiyo haikulisikia. Kuinakili kwa sababu tasnifu ya jirani imeinakili ni sawa na kukata kitambaa kwa vipimo vya mteja mwingine.

Turudi kwa wale 120. Fundi aliyepata p ya 0.03 hasimami hapo. Anataka kujua tofauti yenyewe ina ukubwa gani, na akipiga hesabu ya ukingo wa asilimia 95 anakuta kwamba data zake zinapatana na ongezeko la kuanzia wakulima wawili au watatu kwa mia hadi 37 au 38 kwa mia. Ofisa anayepanga bajeti ya mafunzo anauhitaji upana huo kuliko anavyoihitaji nyota ya p ndogo iliyochapwa pembeni ya namba.

Kisha inakuja kazi ambayo hakuna jaribio linaloweza kuifanya. Ni nani waliohudhuria mafunzo? Huenda ni wale wenye mavuno ya kutosha kuhifadhi, wanaoishi karibu na ofisi ya kijiji, wenye simu za kupokea taarifa; watu ambao wangeinunua mifuko hata bila ya kufundishwa. Na kama wale 60 walitoka kijiji kimoja chenye duka moja linaloiuza, majibu yao yanafanana kwa sababu ya duka, na hawawezi kuhesabiwa kuwa watu 60 wanaojitegemea. Kai-mraba haijui kijiji wala duka. Anayejua ni mwanafunzi aliyekaa kule, akanywa uji na wenyeji, na hapa ndipo anapozidi mashine yoyote.

Namba kubwa haziokoi mtu katika hili. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kilipokea maombi ya masomo ya uzamili na uzamivu: wanaume waliokubaliwa walikuwa asilimia 44 hivi, wanawake 35. Maombi yalikuwa maelfu, p ilikuwa ndogo kupindukia, na ubaguzi ulionekana wazi. Peter Bickel na wenzake wakazitazama data idara kwa idara, na mwaka 1975 wakaeleza katika jarida la Science kwamba picha hiyo iliyeyuka: wanawake wengi waliomba idara ambazo ni ngumu kuingia kwa kila mtu. Namba hazikuongopa popote. Zilijibu swali ambalo halikuwa limekusudiwa.

Kuhusu 0.05 yenyewe, ule mpaka wa asilimia 5, nashangaa jinsi ilivyopata utukufu. Katika kitabu chake cha 1925 Fisher aliichukua moja kati ya 20 kwa sababu ilikuwa rahisi kutumia. Mwaka 1956, akiwa mzee, aliandika kwamba hakuna mtafiti anayeshikilia kiwango kimoja kwa kila jambo na kila mwaka. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuonya, pamoja na mambo mengine, kwamba uamuzi wa kisayansi au wa kisera usitegemee tu kama p imevuka mpaka fulani. Hata hivyo yapo mabaraza ya utetezi ambako 0.049 hupigiwa makofi na 0.051 huzikwa.

Desturi hiyo imezaa ufisadi mdogo mdogo. Mwanafunzi ana vigeu 20. Anavipima kimoja kimoja, umri, jinsia, dini, elimu, idadi ya mbuzi, hadi nyota itokee. Fanya majaribio 20 yanayojitegemea mahali ambapo hakuna kitu kabisa, na uwezekano wa angalau moja kukudanganya kwa kiwango cha 0.05 ni asilimia 64. Kisha Sura ya Kwanza inarekebishwa ili ionekane kwamba idadi ya mbuzi ndiyo iliyokuwa ikitafutwa tangu mwanzo. Mengine ni ya uvivu tu. SPSS huchapa .000 kwa kuwa desimali zake tatu zimekwisha, na mwanafunzi anaandika p = 0.000, kana kwamba amegundua jambo lisilowezekana. Aandike p < 0.001, basi. Jaribio la t linatoka na mistari miwili, mmoja kwa makundi yenye mtawanyiko sawa na mwingine kwa yasiyo sawa, naye anachagua wenye namba nzuri. Nani atamlaumu, ikiwa aliyemchambulia data ni kijana wa steshenari aliyemkabidhi faili na risiti? Kulipa mtu akuingizie data si kosa. Anayekuchagulia jaribio, hata hivyo, amekuchagulia na swali, na mtahini akiuliza kwa nini Mann-Whitney ilitumika badala ya jaribio la t, kijana yule hayupo ukumbini.

Msomaji wa Kiafrika ana haki pia ya kuuliza vifaa hivi vilitoka kwa watu wa namna gani. Karl Pearson na Fisher walikuwa waumini wa fikra za kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae, na mwaka 1933 Fisher alishika kiti cha uprofesa chenye jina la fikra hizo pale University College London. Miaka ya 1950, akiwa mvutaji wa kiko na mshauri wa wenye viwanda vya tumbaku, alipinga hoja kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Mtu aliyetufundisha kutolitegemea tamanio letu alishindwa na la kwake. Naona huo ni ushahidi mwingine wa umuhimu wa kazi yenyewe: kanuni ya vikombe vinane inamhukumu hata mwenye kuitunga.

Kama bado unauliza haya yote yanamfaa nani, tazama hospitali zetu. Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa na homa kali na dalili za mshtuko, mikono ya baridi na mapigo dhaifu, ilishauriwa aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Ndivyo ilivyofanyika katika nchi tajiri, vitabu viliandika hivyo, na daktari aliyesimama kitandani aliona baadhi ya watoto wakichangamka. Utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland, mtafiti aliyefanya kazi Kilifi, uliwagawa kwa nasibu watoto 3,141 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Teule ya Muheza zikiwamo: wengine maji ya chumvi kwa haraka, wengine albumini (protini ya damu), wengine bila ya kuongezewa kwa haraka. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi na 10.6 ya waliopewa albumini. Katika wale ambao hawakuongezewa kwa haraka, walifariki asilimia 7.3. Thamani ya p, maji kwa jumla dhidi ya kutopewa, ilikuwa 0.003. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011.

Tofauti ya watoto watatu kwa mia haionekani kwa macho. Daktari mwenye wagonjwa kumi kwa mwezi angeweza kustaafu bila ya kuiona, akiwa na dhamiri safi na kumbukumbu za wale waliochangamka. Wema wa nia haukuwasaidia watoto wale, wala uzoefu wa miaka. Ilibidi mtu akubali kuwa desturi yake pengine haina faida, aandike mapema atakachokihesabu, aache nasibu igawe, kisha asome alichokikuta. Tasnifu ya uzamili yenye wagonjwa 30 haiwezi kuokoa watoto kwa kiasi hicho. Lakini watafiti wa tafiti kama FEAST walijifunzia kupima mahali fulani, na kwa wengi mahali hapo ni tasnifu ya kwanza.

Ndiyo maana inanikera kuona mwanafunzi aliyepima vizuri akarudi na jibu kwamba hakuna tofauti, akatazamwa kama aliyeshindwa. Amepanga swali lake mapema, amechukua sampuli ya kutosha, amechagua jaribio linalolingana na data zake, ameangalia masharti yake. Tofauti haikuonekana. Hiyo ni habari, na kwa mkulima aliyekuwa karibu kununua mbegu ya bei ghali isiyozaa zaidi ya ile ya kwao, ni habari ya fedha. Watahini wanaomrudisha “akatafute matokeo” wanamfundisha kudanganya kwa heshima zote za kitaaluma, na wanastahili kuambiwa hivyo.

Fisher aliwaambia wanatakwimu wa India mwaka 1938 kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kumalizika ni kumwomba achunguze maiti: atakachoweza kusema ni jaribio lilikufa kwa ugonjwa gani. Vyuo vyetu bado vinamwita wakati huo. Idara ya takwimu ingeombwa saa mbili za kukaa na kila mwanafunzi kabla hojaji haijachapishwa, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ya semina moja yenye chai na mabegi. Na kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda uwandani: usisubiri idara. Chora jedwali lako likiwa tupu. Andika jaribio utakalolitumia, na idadi ya watu linaowahitaji, na tofauti ndogo kabisa ambayo ingekuwa na maana kwa watu utakaowahoji. Mpe msimamizi wako karatasi hiyo aitie sahihi na tarehe. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupakuliwa bure. Jifunze kuiendesha mwenyewe. Kisha nenda, na utakachorudi nacho kiandike kama kilivyo.